Mama Povu Anatafuta wa Kuzama Naye

Wiki aliyostaafu kazi ya udobi hotelini, Mama Povu aliweka kijiko chini katikati ya chakula akasema kwamba kabla hajahamishwa kutoka kisiwani atashuka chini ya bahari akauone Ukuta kwa macho yake. Mwanawe alicheka. Kaka yake hakucheka, kwa sababu alidhani ndiyo akili imeanza kumwacha.

Ukuta wenyewe ni mwamba wa matumbawe uliosimama wima chini ya maji, pale mbele ya hoteli ambapo bahari inabadilika ghafla kutoka kijani kuwa buluu. Watu huacha makwao na kubadilisha ndege mbili tatu ili waje wauone. Mama Povu hakuwahi kuuona, lakini aliufulia maisha yake yote ya kazi. Kamba za kuanikia zilikuwa juu ya paa la hoteli, na kila alipotenganisha shuka mbili aliona boti zimetia nanga kule, watu wakijiangusha majini kinyumenyume, na baadaye wakipanda tena na nyuso za watu waliopewa habari njema. Kisha taulo zao zilimfikia yeye, zimelowa na zina chumvi. Hivyo ndivyo alivyoujua Ukuta, kwa harufu.

Jina la Povu lilitokana na sabuni. Wapo waliosema lilitokana na mdomo, na hatutamtetea: huyu mama aliweza kubishana na pasi mpaka ikapoa.

Tatizo lilikuwa kwamba maisha yake yalishapangwa. Binti yake mkubwa, aliyeolewa bara, alikuwa amejifungua mapacha. Kaka mtu alikuwa fundi wa kushona suti, mtu aliyezoea kuwapima watu na kuwakatia kitambaa kabla hawajasema wanataka nini, na yeye ndiye aliyeamua kwamba dada yake aende akawalee. Mwana wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda, aliona ni jambo la busara. Chumba cha Mama Povu katika nyumba ya urithi walimokaa wote kilishapangiwa vyerehani viwili vipya. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kumuuliza mwenyewe.

Wajukuu aliwapenda, tena aliwapenda kwa picha tu, kabla hajawabeba. Lakini kuhamishwa kama kabati kulimkera mpaka usingizi ukamtoroka. Akaona kuna jambo moja ambalo hakuna mtu angemfanyia wala kumwamulia, nalo ni kuzama. Akilikosa hilo, basi ataondoka kisiwani akiwa mtu aliyefua taulo za waliouona.

Asubuhi yake alivaa gauni la kutokea, akaenda hotelini kupitia mlango wa mbele, mlango ambao hakuwa ameutumia hata siku moja. Kitinda alikuwa mezani kwake ukumbini, chini ya bango lenye picha ya kasa, kazi yake ikiwa ni kuwauzia wageni safari za baharini. Mama mtu akapanga foleni nyuma ya mume na mke waliovaa kofia zinazofanana. Walipoondoka, akasogea.

"Mama, umekuja kufanya nini hapa?" Kitinda aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekuja kuuliza. Nataka kuzama. Kampuni gani nzuri?"

"Nenda nyumbani, tutaongea jioni."

"Hao waliotoka umewapa ramani, umewaambia nani ana boti kubwa na nani ana boti ndogo, umewachekea mpaka magego. Mimi niliyekuzaa unanificha?"

"Mama, watu wanaangalia."

"Waache waangalie. Si wamekuja likizo?"

Kitinda akajifanya anapanga makaratasi ya matangazo ya kampuni za kuzamia. Akamwambia kwamba hakuna kampuni itakayomkubali mtu wa umri wake, na kwamba akisikia kuna iliyomkubali, atayaondoa ya kampuni hiyo mezani pake. Hapo kijana alikosea. Kama angesema tu kwamba anaogopa mama yake atakufa maji, pengine mazungumzo yangekwenda kwingine, maana ukweli wake ulikuwa huo. Lakini alitisha, na Mama Povu hakuwa mtu wa kutishwa na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfunga nepi.

"Sawa," alisema. "Nitatafuta mwenyewe."

Barabara ya ufukweni ilikuwa na maduka ya kuzamia yaliyofuatana. Mama Povu akaamua kuchagua kwa jicho analoliamini kuliko yote, jicho la dobi. Aliyapita yote polepole, mikono nyuma, akikagua suti za mpira zilizotundikwa nje. Moja lilimtoa pumzi. Suti zilipangwa kwa ukubwa, zimesuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi, taulo nyeupe zimekunjwa pembe kwa pembe. Jingine, la mwisho kabisa karibu na karakana ya boti, lilimfanya akunje pua. Suti zake zilitundikwa ovyo, nyingine zimepinduliwa nje ndani, na harufu ilimpokea akiwa bado barabarani. Hawa hata soksi zangu nisingewapa, alisema moyoni.

Akaingia duka safi. Kijana wa mapokezi alimwangalia gauni, akamwangalia mikono, akamwambia kwamba wa kuchukua nguo chafu anazungukia mlango wa nyuma.

"Sikuja kuchukua. Nimekuja kuvaa," Mama Povu alijibu.

Alipoelewa kwamba mteja ni huyo, na kwamba ana kiinua mgongo chake na yuko tayari kulipa, kijana alibadilika kama mtu aliyewashiwa taa. Akamwita mama mpendwa. Akamwambia kwamba bahati yake ni nzuri, boti inaondoka mchana huo huo, suti ya ukubwa wake ipo. Mama Povu akakalishwa kwenye benchi, suti ikaletwa, ikanukia sabuni nzuri. Mguu mmoja ulishaingia. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alisahau hasira zote, na ni kwa mazoea tu ya kuuliza-uliza kwamba akasema:

"Na nikiogopa nikiwa chini, mnafanyaje?"

"Hutaogopa, mama."

"Nimeuliza nikiogopa."

"Hakuna anayeogopa, mama. Kila mtu hufurahia."

Mama Povu aliutoa mguu. Maisha yake yote alikuwa akifua vitu vya watu wa aina hii, wanaong'aa na hawajui doa lilitoka wapi. Alijikasirikia zaidi kuliko alivyomkasirikia kijana, kwa sababu taulo safi zilikuwa zimekaribia kumpeleka chini ya bahari na mtu asiyemsikiliza. Akamrudishia suti yake, akaikunja kabisa, mkono haukuweza kuiacha ovyo.

Duka la pili lilikuwa na wateja mpaka barazani. Aliuliza swali lile lile akajibiwa kwamba atashikwa mkono aendelee na wenzake, kwa kuwa kundi la watu wengi haliwezi kusimamishwa na mmoja. Akashukuru, akatoka. Hatimaye, shingo upande, akafika kwenye lile duka la harufu.

Mwalimu wa pale alikuwa binti mfupi mwenye kichwa kilichonyolewa, amechuchumaa sakafuni akibadilisha kipande cha mpira kwenye mtungi wa hewa. Hakuinuka haraka.

"Nikiogopa nikiwa chini, mnafanyaje?"

"Tunapanda, mama. Mimi na wewe," binti alisema. "Juu tutaulizana. Ukisema imetosha, imetosha."

"Na wengine?"

"Mtu wa mara ya kwanza namshusha peke yake. Hakuna wengine." Kisha zamu ya maswali ikageuka. Anajua kuogelea? Masikio yana shida? Amewahi kupasuliwa? Anakunywa dawa gani? Mama Povu hakuwa amehojiwa hivyo tangu siku aliyoposwa, na alifurahi, kwa sababu walau huyu aliuliza. Kuogelea alijua, alijifunza utotoni kwa kutoroka. Alipokiri kwamba huwa ana presha, binti akatikisa kichwa.

"Daktari akisema sawa, tunashuka. Akikataa, sikushushi hata ukilia."

"Silii ovyo mimi. Lakini suti zako zinanuka."

"Najua," binti alisema. "Mikono ni hii miwili, na ninaanza na vya kupumulia."

Kwenye zahanati, daktari alimfunga mkono, akabonyeza mpira, akatazama kipimo, akamtazama mgonjwa.

"Umegombana na nani leo?"

"Na mwanangu. Na kijana mmoja wa dukani. Na kidogo na dereva aliyenileta."

"Presha ya leo ni ya ubishi. Endelea na dawa zako, punguza chumvi, na siku mbili usibishane na mtu yeyote. Kisha urudi nikupime. Ikiwa hivi hivi, bahari sahau."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Mwambie Mama Povu apande mlima kwa magoti, atakuuliza mlima upo upande gani. Siku mbili bila kubishana ni adhabu ambayo hata adui yake asingethubutu kumpa. Lakini aliutaka Ukuta kuliko alivyoutaka ushindi wowote wa mdomo, na akajikaza kisabuni.

Jioni ile ile kaka mtu aliitisha kikao. Habari za hotelini zilikuwa zimemfikia, zimeongezwa chumvi ambayo daktari aliikataza. Alisimama katikati ya sebule, utepe wa kupimia bado uko shingoni, akamwambia dada yake kwamba ameiaibisha familia, kwamba mwanamke wa umri wake ana heshima yake, kwamba bahari ni ya wavuvi na wageni. Mama Povu alikuwa na jibu kwa kila neno. Yalimjia yakiwa yamepigwa pasi kabisa. Akayameza moja baada ya jingine, akatazama ua lililodariziwa kwenye kitambaa cha meza, akapumua kwa pua.

"Umenisikia?" kaka aliuliza.

"Nimekusikia, kaka."

Kaka mtu na Kitinda wakaangaliana. Kikao kilichotarajiwa kuchukua usiku kucha kilikwisha chai ikiwa bado ya moto.

Kesho yake aliletewa sanduku. Akashukuru. Akaonyeshwa tiketi, ndege ile ndogo ya bara, keshokutwa saa nane mchana. Akaitikia kwa kichwa. Kaka akaingia chumbani kwake na utepe, akapima ukuta wa dirishani ambapo vyerehani vingekaa, naye akiwa amekaa pale pale kitandani anamwangalia. Vidole vya miguu vilijikunja ndani ya ndala. Kitinda peke yake aliingiwa na wasiwasi, kwa kuwa alimjua mama yake. Akamletea chungwa lililomenywa, akauliza kama anaumwa.

"Sijambo," alisema. "Nimetulia tu."

Kwa hiyo wakaamini amekubali. Watu wakishazoea kelele za mtu, akinyamaza huona wamemshinda, na huo ndio ujinga uliowaponza.

Siku mbili zilipotimia, daktari alibonyeza mpira wake, akapima, akapima tena kwa mkono mwingine, akamwambia nenda. Mama Povu hakwenda nyumbani. Mchana wote ule alikuwa maji ya kiunoni na binti wa kichwa kilichonyolewa, akijifunza kuziba pua na kupuliza taratibu masikio yanapobana, kutoa maji yaliyoingia kwenye miwani, na kutobana pumzi hata kidogo. Walipomaliza, mwalimu akamweleza masharti ya mwisho.

"Na ukishazama, ndege hupandi siku hiyo. Hewa tunayoivuta chini inakaa mwilini, inatoka polepole. Ukipanda juu haraka inaweza kukuua."

"Rudia hapo," alisema Mama Povu.

Mwalimu akarudia.

"Hata ndege ndogo?"

"Ndogo, kubwa, zote. Mpaka siku ya pili, na iwe imeshafika jioni." Binti akamtazama. "Una safari, mama?"

"Kuna watu wana safari. Mimi sina. Niweke kesho asubuhi."

Asubuhi alitoka nyumbani na kikapu kama anayekwenda sokoni. Sanduku lilikuwa mlangoni, limefungwa. Boti ilikuwa ndogo, yeye na mwalimu na nahodha. Suti ilinuka kweli, lakini Mama Povu aliivaa bila neno, akaketi ukingoni mwa boti, mtungi mgongoni na mapezi ya mpira miguuni. Aliogopa. Alimwambia mwalimu anaogopa, na mwalimu akasema vizuri, sasa najua. Kisha akajiangusha kinyumenyume, kama alivyowaona wengine maisha yake yote.

Walishuka kwa kamba ya nanga, kidogo kidogo, wakisimama kila masikio yalipodai. Halafu maji yakaingia kwenye miwani. Aliyotoa jana kwa urahisi leo hayakutoka, macho yakamwasha, na aliona wazi kwamba atakufa pale na kaka atasema nilimwambia. Akaelekeza kidole gumba juu. Mwalimu hakumvuta, hakumkazia macho. Alimshika mkono, wakapanda polepole, wote wawili, kama alivyoahidi dukani.

Vichwa vilipotoka majini, Mama Povu alitema mpira wa kupumulia, akakohoa, akageuka kutafuta pwani. Akaliona paa la hoteli. Hakuwahi kuliona kutoka huku. Shuka zilikuwa zinapepea kwenye kamba, na katikati yake mwanamke fulani, dobi mpya, alikuwa amesimama mkono juu ya macho akiangalia boti.

"Imetosha?" mwalimu aliuliza.

"Bado," alisema Mama Povu, akarudisha mpira mdomoni.

Safari hii walifika. Matumbawe yalikuja yakijaa chini yao, ya rangi ya zambarau na ya haradali, samaki wakipita kati yake bila haraka, na ghafla chini kukaisha. Ukuta ulikuwa pale. Ulishuka wima ndani ya buluu ambayo haikuwa na mwisho, na yeye alikuwa ananing'inia ukingoni mwake, hana uzito, mtu mwenye magoti yaliyomuuma ngazi zote zile za kwenda paani. Alidhani atafurahi. Alichohisi kwanza ni hasira. Ulikuwa hapa. Muda wote huo ulikuwa hapa hapa mbele ya macho yake, na hakuna aliyewahi kumwambia na wewe twende, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiambia. Alilia ndani ya miwani, akayatoa machozi kwa pua kama alivyofundishwa, akaangalia tena. Furaha ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikaa.

Waliporudi ufukweni, gari la kukodi lilikuwa linanguruma barabarani. Kaka mtu alisimama mchangani amevaa viatu vya ngozi, na Kitinda kando yake ameshika sanduku. Walipokwenda kumuulizia hotelini, dobi mpya alikuwa amewaambia alichokiona kutoka paani.

Mama Povu alishuka kwenye boti kwa miguu yake, alama ya miwani imemzunguka uso.

"Tulikubaliana," kaka alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli.

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi nilikuwa nashusha presha."

"Utavaa garini. Ndege ni saa nane."

"Sipandi ndege. Nimezama."

"Kuzama na ndege vina undugu gani?"

"Mimi ni dobi, kaka. Muulize mwenye kazi yake."

Wote wakamgeukia Kitinda. Sharti hilo alilisema kila siku chini ya bango la kasa. Wiki iliyopita mgeni mmoja alimbembeleza karibu kulia, ana ndege jioni, amuuzie hata mzamo mmoja, akamkatalia. Sasa aliangalia sanduku, akamwangalia mjomba wake, na mwisho akamtazama mama yake, mzima, analowesha mchanga.

"Ni kweli, mjomba," alisema. "Akipanda leo anaweza kufa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesho. Jioni hivi."

Kaka mtu akashusha pumzi. "Basi kesho jioni."

"Kesho asubuhi nazama tena," alisema Mama Povu. Alikuwa haongei kwa ukali. Alivua mapezi akayagonganisha kutoa mchanga. "Leo nitampigia binti yangu simu mwenyewe. Akinihitaji nitakwenda nimsaidie, kisha nitarudi chumbani kwangu. Vyerehani vyako vitafutie pengine, kaka. Dirisha lile ni langu."

Kaka akaupapasa utepe shingoni kana kwamba kuna kitu amesahau kupima, akaenda kumlipa dereva arudi mjini.

Kitinda alibaki na sanduku. Walitembea mpaka karibu na karakana ya boti.

"Mama, kule chini kukoje?"

Mama Povu alisimama. "Wageni huwa unawaambiaje?"

"Nawaambia kunapendeza."

"Wote hao, na hujawahi kushuka?"

Kitinda akatikisa kichwa. Halafu alisema, bila kumtazama, kile alichopaswa kukisema siku ile ukumbini. "Naogopa."

"Kesho boti ina nafasi moja, nawe utashushwa peke yako kama mimi," alisema mama yake. "Mwalimu atakuuliza. Mwambie hivyo hivyo."